John Whiting: mtu wa kisiwani aliyewasoma watoto wa Kisii

Waliosomea malezi ya watoto, saikolojia au anthropolojia, popote walipo duniani, wamekutana na jina la John Whiting. Limo katika vitabu vyao kama jina la Shaaban Robert lilivyo katika vitabu vya Kiswahili. Nje ya vyuo, na hasa huku kwetu pwani, halijulikani. Hilo ni ajabu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa yake imejengwa juu ya migongo ya watoto wa Kenya. Nasema migongo kwelikweli, si kwa mafumbo. Ni watoto wa Kisii wa miaka 6 na 7 waliokuwa wakibeba wadogo zao huku mama zao wako shambani.

Nimeona niandike habari zake sasa kwa sababu ya mazungumzo yanayotuchosha majumbani mwetu. Tangu Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10, na kila mmoja ameambiwa ashike njia yake: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mtoto wa miaka 15! Na wale waliomaliza kidato cha nne wanapangiwa vyuo, na mzazi ana swali moja tu, hiyo kozi ina kazi? Kozi ikiwa na jina fupi, udaktari, sheria, uhasibu, roho inatulia. Jina likiwa refu lenye "na" mbili ndani yake, mzazi anaanza kuulizia nauli ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Dada yangu ni mmoja wao. Binti yake alipata nafasi katika chuo kimoja huko Kisii, asomee lishe pamoja na maendeleo ya jamii. Dada alinipigia simu usiku akitaka kujua kama mtoto akimaliza atakuwa daktari ama mwalimu, na nilipomwambia si huyu wala si yule, alinikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mimi nina diploma ya malezi ya watoto wadogo, na niliwahi kufanya kazi miaka miwili Keroka, mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu Nyamira, katika mradi wa watoto. Kwa hivyo dada alitaraji nitakuwa upande wake. Nilimsimulia habari za Whiting badala yake, na haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na niliyoyasahau usiku ule.

Whiting alizaliwa mwaka 1908 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani. Ni kisiwa cha wavuvi, mabaharia na wafugaji wa kondoo, ambacho watu wake zamani walikuwa wakisafiri miaka hadi Bahari ya Pasifiki kuwinda nyangumi. Mtu wa Lamu au Pate hahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akapata digrii ya kwanza mwaka 1931 na ya uzamifu mwaka 1938. Hapohapo Yale alimpata mke, Beatrice Blyth, msichana wa New York aliyekuwa akisomea anthropolojia. Kuanzia hapo maisha ya mmoja hayasimuliki bila ya mwenzake. Nusu ya kazi inayobeba jina la Whiting ni ya Bi Beatrice, na pengine ni zaidi ya nusu.

Yale ya siku zile ilikuwa na kitu ambacho vyuo vingi havikuwa nacho. Mwaka 1929 ilianzishwa Taasisi ya Mahusiano ya Binadamu, kwa fedha za Rockefeller, ili madaktari, wanasheria, wanasaikolojia na wataalamu wa jamii wakutane chini ya paa moja. Alikuwako Clark Hull, mwanasaikolojia, aliyekuwa akichunguza namna kiumbe anavyojifunza, na wengi wa viumbe wake walikuwa panya. Alikuwako pia George Peter Murdock, aliyekuwa akikusanya na kupanga habari za makabila ya dunia nzima, ndoa zao, chakula chao, mazishi yao, ili mtu aweze kulinganisha. Wa panya na wa makabila kwa kawaida hawana la kuzungumza. Kijana Whiting alikaa katikati yao, akawasikiliza wote wawili.

Mwaka 1936 alikwenda New Guinea kuishi na watu waitwao Kwoma, karibu na mto Sepik. Wenzake wa anthropolojia walikuwa wakirudi kutoka safari kama hizo na vitabu vya mila: arusi, matambiko, nani humrithi nani. Whiting alirudi na swali la Hull. Alitaka kujua mtoto wa Kwoma anakuwaje Mkwoma. Hakuzaliwa na mila mfukoni, kwa hivyo nani alimfundisha, lini, kwa kumpiga au kwa kumsifu? Kitabu alichokitoa mwaka 1941, Becoming a Kwoma, kinaeleza hayo hatua kwa hatua, tangu kunyonya hadi utu uzima.

Baada ya vita alifika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1949. Harvard nako kulikuwa na jaribio kubwa zaidi. Mwaka 1946 maprofesa wanne, Talcott Parsons wa sosholojia, Gordon Allport na Henry Murray wa saikolojia, na Clyde Kluckhohn wa anthropolojia, walikuwa wamevunja kuta za idara zao wakaunda idara moja, ya Mahusiano ya Jamii. Mwanafunzi aliyeingia humo alisoma vyote, akafanya mtihani wa vyote. Whiting alikuwa na maabara yake upande wa kitivo cha elimu, lakini wanafunzi wa idara ile walikuwa wakimiminika kwake.

Mwaka 1953, pamoja na mwanasaikolojia Irvin Child, alichapisha kitabu kuhusu malezi na tabia za watu katika jamii 75. Nitatoa mfano mmoja tu wa kilichomo, maana ndio ulionivuta mimi. Waliuliza: je, jamii inayomwachisha mtoto ziwa kwa ukali, wakubwa wake huelezaje ugonjwa? Wakakuta kwamba mara nyingi ndio hao husema ugonjwa umeingia kwa mdomo, kwa chakula ama kwa sumu iliyoliwa. Unaweza kukubali au kukataa. Mimi mwenyewe nina shaka zangu. Lakini tazama swali lilivyo. Nusu yake ni ya mkunga, nusu ya mganga, na njia ya kulijibu ni ya hesabu.

Basi tuje Kisii.

Kulinganisha vitabu vya watu wengine kulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo Whiting aliijua. Kila mwandishi alitazama alichokipenda. Huyu ameandika kurasa 40 za unyago na mstari mmoja wa unyonyeshaji, yule kinyume chake. Utalinganishaje? Mwaka 1954 yeye, Child, na William Lambert wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakapanga kazi nyingine. Watapeleka vijana wao katika jamii 6, wote wakiwa na mwongozo mmoja mkononi, maswali yaleyale kwa mama, na namna ileile ya kumtazama mtoto. Vijiji vilikuwa Taira katika kisiwa cha Okinawa, Tarong huko Ufilipino, Khalapur India, mtaa wa Wamixteko wa Juxtlahuaca nchini Mexico, mji mdogo wa New England huko Marekani kwenyewe, na kijiji cha Abagusii hapa Kenya ambacho katika vitabu kinaitwa Nyansongo.

Aliyekuja Nyansongo alikuwa mwanafunzi kijana wa Harvard, Robert LeVine, pamoja na mkewe wa wakati huo Barbara. Walikaa kuanzia mwaka 1955 hadi 1957. Aliyekwenda Kisii leo akaona maghorofa ya mjini na mabasi ya Nairobi atapata taabu kuiona Gusii ile. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Wanaume wengi walikuwa wakitoka kwenda kutafuta kazi za mshahara. Wimbi, mahindi na ndizi zilikuwa mikononi mwa mama, na mama huyohuyo ana mtoto mchanga. Nani atashika mtoto? Atashika omoreri.

Hilo ni neno la Ekegusii, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani. Omoreri ni mlezi. Kwao ni dada, au kaka kama hakuna dada, wa miaka 6 hadi 10 hivi, anayekabidhiwa mtoto mama akiondoka asubuhi. Anambeba, anamlisha uji, anambembeleza. Mimi nilipokuwa Keroka bado niliwaona, ingawa siku za shule wamepungua na bibi ndiye amechukua nafasi.

Namna ya kuwatazama watoto ilikuwa nyepesi, na ndio uzuri wake. Mtazamaji anakaa pembeni na daftari na saa. Dakika 5 tu, mtoto mmoja. Anaandika kila alichofanya na nani alikuwa karibu: amemnyang'anya mwenziwe kijiti, amempa mdogo wake ndizi, amemwita mama, amepigwa, amecheka. Kesho tena, saa nyingine, mahali pengine. Watoto walikuwa wa miaka 3 hadi 11, zaidi ya 130 katika vijiji vyote 6. Madaftari yalirudi Harvard, na Bi Beatrice na wasaidizi wake wakaanza kazi ya kuvipanga vitendo hivyo katika mafungu na kuvihesabu. Kazi hiyo iliwachukua karibu miaka 20. Kitabu cha matokeo, Children of Six Cultures, kilitoka mwaka 1975, na wakati huo mtoto wa Nyansongo aliyeandikwa akiwa na miaka 8 alikuwa mzazi.

Matokeo yenyewe yaliwashangaza Wamarekani. Katika vijiji vyote 6, watoto wa Nyansongo walikuwa mstari wa mbele katika kutoa msaada na kuwajibika. Waliwapa wadogo zao chakula, waliwatuliza, waliwaonya wasikaribie hatari. Watoto wa New England walikuwa mwisho upande huo, nao waliongoza katika kuomba waangaliwe na kuomba wasaidiwe. Mtoto wa Kimarekani alikuwa na vitu vingi vya kuchezea, na kazi yake kubwa nyumbani ilikuwa kupanga chumba chake mwenyewe. Mtoto wa Nyansongo asipofanya kazi yake, mtu mwingine atalala njaa, na yeye mwenyewe analijua hilo.

Sasa hapa ndipo ninapompenda Whiting. Mtu wa somo moja angesimama akatoa sababu yake. Mtu wa mila angesema ni desturi ya Wakisii. Wa saikolojia angesema mama zao wana mapenzi zaidi, au ukali zaidi. Hawa walirudi kwenye shamba wakahesabu mzigo wa mama. Mama mwenye kazi nyingi hugawa kazi kwa watoto, na mtoto anayepewa mdogo kumlea hujifunza ulezi kwa kuufanya. Halafu wakaitazama nyumba yenyewe, nani analala wapi, baba anakula na nani, kwa sababu watoto wa Nyansongo walikuwa pia na amri nyingi na ugomvi kuliko watoto wa Tarong au wa New England ambao baba na mama walilala nyumba moja. Sifa na aibu zilitoka katika kijiji hichohicho. Uchumi wa shamba ulieleza upande mmoja, ramani ya nyumba ukaeleza wa pili. Hakuna idara moja ya chuo iliyokuwa na vyote.

Si kila alichokigusa Whiting kilikuwa dhahabu. Mwaka 1964 aliandika makala ya kuunganisha mvua na tohara. Mlolongo wake ulikuwa hivi: nchi za joto na mvua nyingi hulima mazao ya mizizi yenye protini kidogo, watoto hupata kwashakoo, mama hunyonyesha muda mrefu ili kumnusuru mtoto, kwa hivyo hukaa muda mrefu mbali na mume, mume huoa wa pili, mtoto wa kiume hulala na mama miaka mingi, na mwishowe jamii hulazimika kumtoa kwa mama kwa jando. Ni mlolongo wa kupendeza, kila pete imeshikwa na fani yake. Lakini sisi ambao watoto wetu hutahiriwa kwa sababu ya sunna, na wengi wao kabla hawajajua kutembea, tutauliza mvua imeingilia wapi. Wenzake wa chuoni nao walimkumbusha kwamba vitu viwili kwenda pamoja si dalili kwamba kimoja kimezaa kingine. Mchanganyo wa fani una hatari hiyo. Ukishajua kidogo cha kila kitu, ni rahisi kushona nguo nzuri isiyomfaa mtu yeyote.

Na vitabu vya Nyansongo pia vina sura za kusomwa kwa uangalifu. Baadhi yake zinawaonyesha Wakisii kama watu wa kushukiana na kushitakiana kila siku. Niliwahi kumsomea mama mmoja mwenye nyumba niliyopanga Keroka kurasa mbili tatu, nikizifasiri. Alicheka kwa habari za omoreri, akanyamaza kwa habari za uchawi, kisha akauliza yule mzungu alikuwa akikaa kwa nani, maana inategemea mwenyeji wako alikuwa na kesi na nani mwaka ule. Nikaona huyo bibi naye ana fani yake.

Kuanzia mwaka 1966 John na Beatrice walihamishia kazi yao Kenya wenyewe. Kwa fedha za shirika la Carnegie walianzisha kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto katika chuo cha Nairobi, ambacho mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wao waliweka kambi Ngecha, Kiambu, na wanafunzi wao wakatawanyika. Hii miaka ya mpaka 1973 ndiyo ninayoitamani zaidi katika maisha yao, kwa sababu hapa wanafunzi wa Kenya hawakuwa tena wabeba mikoba. Vijana wa chuo walifundishwa kutazama, kuandika, kuhesabu na kuzungumza na mama, yote kwa pamoja, na wengi walipelekwa kwao wenyewe, wanakoijua lugha.

Maswali yaliyotoka kitengoni humo ni ya kupendeza. Kwa mfano, je, mtoto anayetembea mbali na nyumbani hupata akili ya ramani kuliko anayecheza uani? Lee na Ruth Munroe walilichunguza kwa Walogoli, kisha Sara Nerlove akalirudia na watoto wa Kisii. Wakakuta wale wanaofika mbali zaidi walikuwa bora katika kuiga michoro na kupanga maumbo. Na kwa kuwa wavulana ndio waliopelekwa mbali na ng'ombe huku wasichana wamefungwa na watoto mgongoni, tofauti ambayo watu walikuwa wakisema ni ya kuzaliwa ikaanza kuonekana ni ya kutumwa. Carol Ember, mwanafunzi mwingine wa Whiting, alikwenda kwa Wajaluo, majirani wa Wakisii, akatazama wavulana ambao kwao hakuna dada mkubwa, wakalazimika kuchota maji, kupika na kulea. Walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Nikimweleza haya mwalimu wa hesabu anasema hiyo si hesabu, nikimweleza ustadh anasema hilo ni suala la adabu. Kila mmoja ana haki yake, na swali bado limekaa katikati halijashikwa na mtu.

Mbegu ya Whiting ilizaa tena Kisii, safari hii bila yeye. Kati ya mwaka 1974 na 1976 LeVine alirudi, sasa ni profesa, pamoja na mkewe Sarah LeVine. Hakuja na wanaanthropolojia peke yao. Alikuja na madaktari wa watoto, akiwemo T. Berry Brazelton ambaye baadaye Wamarekani walimjua pia kwa kipindi cha televisheni, na daktari wa akili Herbert Leiderman. Waliwatazama watoto wachanga na mama zao. Wakaona kwamba mama wa Kisii hazungumzi sana na mtoto mchanga wala hamchezeshi macho kwa macho kama wa Boston. Lakini mtoto akilia tu, yuko kifuani. Angekuja mwanasaikolojia peke yake angempa mama huyu alama ya chini. Kwa kuwa madaktari walikuwamo, timu iliuliza jambo jingine: mama huyu anahofia nini? Anahofia kuhara, homa, na moto wa jikoni. Mwaka wa kwanza kazi yake ni kumweka mtoto hai, na mazungumzo yatakuja baadaye kutoka kwa ndugu zake. LeVine akatofautisha malezi ya kitabibu na malezi ya kiualimu, na kitabu chao cha mwaka 1994, Child Care and Culture, kimejengwa juu ya tofauti hiyo. Nilipokuwa chuo cha diploma tulifundishwa kwamba mama mzuri ni yule anayeongea na mtoto mchana kutwa. Hakuna aliyetutajia Kisii.

Kuhusu methali ya dada yangu. Mshika mawili moja humponyoka, na Harvard wenyewe liliwaponyoka. Ile idara ya Mahusiano ya Jamii haikufika mbali. Mwaka 1970 wanasosholojia walijitoa wakaunda idara yao, na mwaka 1972 idara yenyewe ikavunjwa. Walishindwa kukubaliana juu ya lugha moja, na kila fani ilikuwa na majarida yake, kazi zake na wivu wake. Mwanafunzi aliyesoma vyote alikuwa na hatari ya kutopokelewa na yeyote. Sitaki kumficha mzazi hilo. Mtoto mwenye cheti chenye majina mawili anaweza kufika kwenye ofisi ya kaunti akaambiwa hakuna nafasi inayoitwa hivyo.

Lakini ukimtazama Whiting hasa, hakushika mawili. Alishika swali moja, mtoto anakuwaje mtu, kwa zaidi ya miaka 40, na kila lilipomzidi alimwita mwenye fani nyingine aje alishike upande wake. Child alijua takwimu kuliko yeye. Beatrice alijua kuzungumza na kina mama. Hakuna aliyekuwa nusu-nusu. Na sisi pwani hatuwezi kujidai hili ni jambo la kigeni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mwanafiqhi, na pia alikuwa mhariri aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiandika humo kuhusu elimu na hali za Waislamu wa pwani. Hakuna aliyemuuliza kama yeye ni shekhe ama mwandishi.

Jambo linaloniuma ni jingine. Katika miaka yote hiyo mama wa Nyansongo walitoa walichokuwa nacho, na maandishi yakaenda Massachusetts. Wanafunzi wa Kisii na Nyamira leo, wenye chuo kikuu chao mjini, wanasoma habari za bibi zao katika vitabu vya Kiingereza vinavyonunuliwa kwa dola, kama wanavisoma. Na katika madaftari hayo yote ya Whiting hakuna mtoto wa Kimvita, wa Kipini au wa Vanga. Hatujui mtoto wetu anayeamka alfajiri kwenda chuoni, akarudi akaenda shule, akarudi tena chuoni, anajifunza nini katikati ya hizo safari. Mtu wa kulijibu atahitaji kujua tajwidi na takwimu na lishe, au awajue wanaojua.

Binti ya dada yangu amekwenda. Alipanda basi, akabadilisha Nairobi, akapita Narok na Bomet, akafika salama, na amepata chumba kwa familia ya Kinubi si mbali na msikiti wa mjini. Muhula wa kwanza anasoma kemia ya chakula asubuhi na jioni anatumwa vijijini kuwauliza kina mama wamepika nini jana. Dada bado anataka kujua jina la kazi.

Whiting alistaafu Harvard mwaka 1978, akarudi zaidi na zaidi kisiwani kwake. Alifia hukohuko, Chilmark, Mei 1999, akiwa na miaka 90. Beatrice alibaki na madaftari ya Ngecha. Alikuwa akiyafanyia kazi pamoja na Carolyn Edwards hadi alipofariki mwaka 2003, na kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Yule mdogo kuliko wote Nyansongo, aliyekuwa na miaka 3 mwaka 1956 na kuandikwa dakika 5 akimng'ang'ania dada yake, kama yuko hai ameshapita miaka 70, na bila shaka kuna mjukuu mgongoni.